Msiwape wa chuma chakavu kompyuta za zamani kabla hazijasomwa

Bwana Mhariri,

Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani kwetu Langoni nikamwona kijana akiswaga punda wawili kuelekea forodhani. Punda hapa Lamu hubeba mchanga, saruji, friji, kila kitu, kwa hiyo sikushughulika hadi walipokuwa wananipita. Ndani ya shogi mlikuwa na kompyuta. Zile za zamani, kasha pana la kulala juu ya meza, rangi yake ya maziwa imeshageuka kama ukindu uliokaa juani.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hizi wazipeleka wapi?"

"Mokowe, ami. Kuna wa chuma chakavu, anapima kilo."

Nikainuka, nikageuza moja ubavu. Palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, wino umefifia, lakini mwandiko wangu naujua: SEVA. USIZIME KWA SWICHI. Niliibandika mimi mwaka 1993, kwenye seva, yaani mashine inayozitunzia nyingine mafaili.

Nilimlipa kijana bei ya kilo na kidogo juu yake, akanishushia zote nne ndani ya daka. Tangu siku hiyo usingizi wangu umekuwa mwembamba, nikiwaza ni ngapi nyingine zimekwisha kuvuka kwenda Mokowe bila mtu kuuliza ndani mna nini. Ndiyo sababu ya kukuandikia.

Nilikuwa karani kwa miaka kumi na miwili katika ofisi ya tajiri mmoja aliyekuwa akisafirisha mizigo kwa majahazi na mashua: sukari, unga, mabati na mafuta ya taa kwenda Faza, Siyu, Kizingitini na Kiunga, na boriti za mikoko kwenda Mombasa. Tajiri ameshatangulia mbele ya haki, ofisi ilifungwa, na jumba likauzwa mwaka huu. Walionunua walisafisha ghala. Siwalaumu, kwani hakuna aliyewaambia kitu.

Jioni ile ile alipita kijana mmoja afundishaye kompyuta hapa mjini, mwema na mwenye kujua kazi yake. Akaitazama ile seva, akasema, "Ami, hii ina megabaiti 4 za kumbukumbu. Picha moja ya simu yangu haitoshi humu. Ya nini kujisumbua?" Hakunikosea adabu, na hesabu yake ni sawa. Lakini swali hilo liko vinywani mwa wengi, na wenye nyumba wanapolijibu wenyewe, jibu lao huwa ni kuita punda. Nilimjibu kwa maneno machache kwa kuwa magharibi ilikuwa imekaribia. Hapa nataka kumjibu kwa urefu.

Kompyuta ya IBM iliyoanzisha ukoo huu wote ilitoka Agosti 1981. Chipu yake, Intel 8088, ilikuwa na nyaya 20 za kutajia anwani, na kwa nyaya 20 huwezi kufika mbali zaidi ya baiti 1,048,576, yaani megabaiti moja. Waliounda mashine wakaigawa megabaiti hiyo: kilobaiti 640 za chini ziwe za programu, na 384 za juu ziwe za skrini, za kadi zinazochomekwa, na za ile programu ya kiwandani inayoiamsha mashine. Wakati ule 640 zilionekana nyingi. Programu zote zilizoandikwa kwa ajili ya MS-DOS, mfumo ulioziendesha mashine hizo, zikajengwa kwa kuuamini mpaka huo.

Kisha chipu zikakua. Mwaka 1985 Intel ikatoa 386, ambayo ingeweza kufikia gigabaiti 4. Mashine zetu za makarani zilikuwa za 386, na ndani yake mlikuwa na megabaiti 2 za kumbukumbu. Lakini DOS na programu zake zilibaki mle mle katika 640. Ni kama kumpa nahodha jahazi jipya lenye ngama ya tani mia, halafu sheria ya bandari ikamwambia apakie kwa kipimo cha lile dau lake la zamani. Nafasi ipo, anaiona kwa macho, na hana ruhusa ya kuweka hata gunia.

Na ndani ya 640 hizo programu yako haikuwa peke yake. DOS yenyewe ilikuwa ikikalia zaidi ya kilobaiti 60. Draiva ya kipanya, yaani programu ndogo inayokiongoza, ilichukua kama 15. Kwenye mashine zetu zilibaki takriban 560, na programu yetu ya mizigo, ambayo tulitengenezewa kwa Clipper, lugha ya kuandikia programu za madaftari, ilitaka 520 ndipo ifunguke. Tulikuwa salama, kwa kilobaiti 40 tu.

Mtandao ndio uliotuvuruga.

Tajiri alitaka makarani watatu waandike katika daftari moja, maana kila mmoja alikuwa na lake, na mara mbili shehena moja ilitozwa nauli mara mbili. Akaagiza seva yenye NetWare 3.11, programu ya kampuni ya Novell ya kuendesha mtandao, pamoja na kadi za mtandao na kebo. Akaja fundi kutoka Mombasa, wa duka ambalo sitalitaja. Alichomeka kadi, akapitisha kebo, akamwonyesha tajiri kwamba ukiandika F na nukta mbili unafika kwenye seva. Akapokea hundi, akaondoka na basi. Hakufungua ile programu ya mizigo hata mara moja. Nilipoifungua mimi alasiri ile, ikaandika kwamba kumbukumbu haitoshi, ikanirudisha nilikotoka.

Tukampigia simu. Akasema tuongeze RAM, yaani hiyo kumbukumbu. Tajiri akanunua megabaiti 2 nyingine kwa kila mashine, na wakati ule bei yake ilikuwa ya kutia uchungu. Tukazichomeka. Programu ikatoa maneno yale yale, herufi kwa herufi. Akapigiwa tena, safari hii hakupatikana. Hadi leo nikikumbuka pesa zile hunipanda hasira, kwa sababu mtu aliyeuza mashine hizo alipaswa kujua kwamba kumbukumbu unayoiongeza inakaa juu ya megabaiti moja, na tatizo letu lilikuwa chini ya 640. Hata tungeongeza mia, tusingepata kilobaiti moja ya ziada pale tulipoihitaji.

Kwa miezi miwili tukaishi kwa flopi mbili, zile diski ndogo za kuchomeka na kuchomoa. Moja iliamsha mashine pamoja na mtandao, nyingine bila mtandao. Karani akitaka kuandika, anaamsha bila mtandao. Akitaka kupeleka alichoandika, anazima, anaamsha upya na mtandao, ananakili, anazima tena. Tajiri alikuwa akipita mlangoni na kunitazama bila kusema neno, na mimi ndiye niliyemshauri anunue.

Nikakichukua kitabu cha DOS 5 nikaenda nacho nyumbani. Lugha yake ilikuwa ngumu na umeme wetu wa wakati ule, wa jenereta za dizeli, ulikatika utakavyo, hivyo nilisoma kwa taa ya chemni usiku mwingi tu. Kwanza nilijifunza kuandika MEM /C, amri ambayo inakuorodheshea kila kilichomo ndani ya kumbukumbu na uzito wake. Nikaona wageni wetu wanne wa mtandao. Wa kwanza LSL, mpatanishi, kama kilobaiti 5. Wa pili NE2000, draiva inayosema na kadi yenyewe, naye mdogo. Wa tatu IPXODI, anayejua lugha ya mtandao wa Novell, kama 16. Wa nne NETX, mzito kuliko wote, kama 44, ambaye kazi yake ni kusikiliza kila DOS inapoombwa faili, na kama faili iko kwenye seva anaikamata ile ombi na kuipeleka kwenye waya. Jumla yao kama 70. Toa 70 katika 560, zinabaki 490, na programu inataka 520. Miezi miwili ya taabu ilikuwa ni hesabu ya darasa la nne, na hakuna aliyekaa akaipiga.

Dawa iliandikwa ndani ya kitabu kile kile. Katika zile kilobaiti 384 za juu, si zote zilizokuwa na mwenyewe. Kulikuwa na matundu kati ya kadi na kadi. Chipu ya 386 ina uwezo wa kuichukua kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti moja na kuifanya ionekane kana kwamba iko ndani ya matundu hayo. Kwa hiyo unaweka HIMEM.SYS, mlinzi wa kumbukumbu ya juu, kisha EMM386.EXE pamoja na neno RAM, anayeziba matundu, kisha unaandika DOS=HIGH,UMB, na DOS yenyewe inahamisha sehemu yake kubwa kwenda kwenye kile kipande cha baiti 65,520 kilicho juu tu ya mstari wa megabaiti. Halafu kila draiva unaitanguliza kwa LH ili ikae juu badala ya chini.

Nilidhani nimemaliza. LSL ikapanda, NE2000 ikapanda, IPXODI ikapanda. NETX ikagoma, ikakaa chini na kilobaiti zake zote 44. Nililirudia jambo hili siku tatu kabla sijaelewa. Draiva inapoingia hutaka nafasi kubwa kuliko ile itakayoikalia mwisho, kama abiria anayepanda mashua na mizigo yote kichwani kisha akiketi anaisukuma chini ya benchi. Tundu lililobaki lingemtosha NETX akiwa ameketi, lakini halikumtosha akiwa anaingia. Na wale wanne huwezi kuwapanga utakavyo, maana kila mmoja anamtegemea aliyemtangulia. Aliyeweza kusubiri ni kipanya tu, nikakirudisha nyuma ya wote. Kisha lile neno RAM baada ya EMM386 nikaliondoa, nikaandika NOEMS mahali pake. Kwa neno RAM EMM386 hujitengea kilobaiti 64 kwa ajili ya kumbukumbu ya aina nyingine, ile waliyoipangia kanuni Lotus, Intel na Microsoft mwaka 1985, ambayo programu yetu haikuwa na haja nayo. Kilobaiti 64 zikafunguka. NETX akapanda.

Niliandika MEM nikaona 612. Nilimwita tajiri usiku ule ule. Alikuja na kikoi chake, akaketi kwenye kiti changu, akaona programu inafunguka na mtandao uko hewani. Akasema, "Alhamdulillahi. Mwanangu, sasa wewe ndiye fundi." Alisema hivyo tu, na tangu siku hiyo sikurudi kuwa karani wa kalamu.

Mashine ya tatu ilinisumbua peke yake, nalieleza hili kwa yeyote atakayekuja kuigusa. Kadi yake ilikuwa ya aina nyingine, yenye kutumia kipande cha kilobaiti 16 kuanzia anwani D000 kama dawati la kupokelea barua. EMM386 aliliona lile dawati tupu asubuhi akalichukua akadhani ni tundu, na mtandao ulipoanza wote wawili wakaandikiana juu. Mashine ikaganda. Ilinibidi kumwambia aliache: X=D000-D3FF. Na ile ya pili ilikuwa na kipanya kwenye tundu la COM2, ambalo hutumia IRQ 3, yaani waya namba 3 wa kuishtua chipu, na kadi ya NE2000 nayo ilikuja imepangwa kwenye 3 hiyo hiyo. Kipanya kilikufa kila ulipoingia mtandaoni. Nikahamisha jampa ya kadi, kile kijikofia cha kuchagulia namba, kwenye 5, nikaandika 5 ndani ya NET.CFG, faili la mipangilio ya mtandao, na bado ikakataa siku nzima, kwa sababu mstari ule wa INT 5 niliuanza mwanzoni kabisa mwa ukurasa. Katika faili lile vichwa vya habari ndivyo vinavyoanza ukingoni. Yaliyo chini yake ni lazima yasogezwe ndani kwa nafasi, la sivyo hayasomwi. Nafasi moja tupu.

Kebo nayo ilikuwa na mambo yake. Ilikuwa ile nyembamba ya mviringo, inayopita kutoka mashine hadi mashine kwa viungo vya umbo la T, na kila mwisho una kizibo cha omu 50. Sharti lake ni isizidi mita 185, na sisi hatukufika hata 40, lakini kuta za mawe ya nyumba zetu ni nene kuliko mkono wangu na tajiri hakukubali ukuta wa zidaka utobolewe, kwa hiyo ilizunguka kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba. Upepo wa bahari ulikula viungo. Kimoja kikilegea, wote wanaanguka, kwa sababu waya ni mmoja. Kila mwezi nilikuwa nazisugua meno ya kadi kwa raba ya penseli mpaka dhahabu yake irudi kung'aa.

Baada ya Windows 95 kuja, draiva za mtandao zilihama kutoka kwenye 640, na elimu hii yote ikaonekana haina kazi. Wanafunzi hawaisomi, na sioni ajabu. Ila zile programu na madaftari ya miaka ile havikuhama. Vimekaa palepale vilipoachwa, na mlango wake ni ule ule.

Sasa nirudi kwenye daka langu na mashine nne.

Nilifungua seva kwanza bila kuiwasha. Kwenye ubao wake kuna betri ndogo kama pipa, na ilikuwa imevuja. Ukungu wa kijani umeshapanda juu ya njia za shaba kama ndui. Uchafu ule hauondoki kwa maji, lakini siki unaumaliza, kwa sababu ni asili ya alkali. Nilikata betri, nikachukua mswaki na siki ya jikoni, nikasugua taratibu hadi povu likaisha, nikapitisha spiriti, nikaianika siku mbili ndani, mbali na jua. Njia mbili zilikuwa zimekatika. Fundi redio wa hapa mtaani akaziunga kwa waya mwembamba kama unywele, hakutaka hata senti.

Betri ikifa, mashine inasahau diski yake ni ya namna gani. Nilifungua skrubu nne, nikaitoa diski ili nisome kibandiko chake: silinda ngapi, vichwa vingapi, sekta ngapi. Nikaziingiza kwa mkono. Ikawaka. Diski ilitoa sauti ya msasa, kisha ikatulia. Mstari wa nukta mbili wa NetWare ulipotokea, mke wangu aliyekuwa amesimama nyuma yangu na sinia ya chai aliniambia nikae kwanza, maana mikono ilikuwa inanitetemeka.

Diski ya NetWare huwezi kuitoa ukaichomeka kwenye kompyuta nyingine ukasoma kwa DOS. Mpangilio wake ni wake. Unahitaji seva yenyewe iwe hai, na mashine nyingine iingie kupitia kebo. Kebo nilikuwa nayo, viungo vya T viwili vilikuwa bado vizima, vizibo nilikuwa nacho kimoja. Kingine tulikitengeneza: fundi redio alichomoa rezista mbili za omu 100, zile zenye mistari ya kahawia, nyeusi, kahawia, kutoka kwenye redio mbovu, tukaziunga bega kwa bega, na mbili za 100 zikikaa hivyo zinakuwa 50. Tukazitia risasi ndani ya plagi ya kebo.

Mashine ya karani diski yake ilikuwa imekufa. Niliiamsha kwa flopi niliyoihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti miaka yote hii. LSL, NE2000, IPXODI, NETX. Seva ikajibu. Nenosiri halikunitoka kichwani. Nikaifungua programu ya mizigo, nayo ikaniambia kumbukumbu haitoshi, maneno yale yale ya 1993. Flopi ile ilikuwa ya dharura, haikuwa na mistari ya kumbukumbu ya juu. HIMEM na EMM386 vilikuwamo, ila havikuitwa. Nikaandika mistari ile upya kwa COPY CON, bila kitabu. Nikaamsha tena. 609. Programu ikafunguka.

Na mle ndani, Bwana Mhariri, mna kila chombo kilichopakiwa na ofisi ile kuanzia 1993 hadi 2001. Mna jina la chombo, nahodha wake, mizigo, nauli, siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Na mna sehemu niliyomwomba mtengenezaji aiongeze, ya herufi 30 tu, ya maelezo. Makarani waliitumia kwa mambo ambayo hayakuandikwa mahali pengine popote. "Kusi kali, amelala Kipungani 3." "Angoja maji yajae Mkanda." "Tanga limechanika, arudi Siyu." "Sukari imelowa gunia 4." Tarehe iko ubavuni mwa kila neno. Mtu akitaka kujua kusi ya mwaka fulani ilianza lini kuzuia vyombo, au ni mwaka gani mashine za injini zilianza kuwapokonya majahazi mizigo ya Kiunga, jibu limo humu mstari kwa mstari, limeandikwa siku ile ile na mtu aliyekuwa akitazama bahari kupitia dirishani.

Nilimwalika nahodha mmoja mzee wa Matondoni, ambaye sasa macho yake hayaoni vizuri. Nilimsomea safari zake za mwaka 1996. Aliponisikia nikisema "tanga limechanika" alinishika mkono akaniambia siku ile walikuwa wangapi chomboni na ni nani aliyeshika usukani. Wawili kati yao hawako tena.

Nilitoa taarifa zote kama maandishi, mwaka kwa mwaka, nikazinakili kwenye flopi, kisha nikazisoma kwenye kompyuta ya mwanangu kwa kile kisomea flopi cha USB. Yote yameingia bila kupotea. Yule kijana mwalimu alikuja Ijumaa, akaketi na mimi mpaka isha, akaniomba nimfundishe ile hesabu ya NETX. Kesho anakuja na wanafunzi wanne.

Ombi langu kwa wenye nyumba na ofisi za Lamu, Malindi, Mombasa na popote gazeti hili lifikapo ni hili. Kama ghalani kuna kompyuta ya miaka ile, ya chama cha ushirika, ya duka la jumla, ya zahanati, ya msikiti, msiiwashe kwanza. Ifungueni, itazameni betri. Kama imevuja, iondoeni siku hiyo hiyo, kwa maana kila mwezi unaopita ukungu ule unakula njia nyingine. Msitenganishe seva na mashine zake, wala msitupe kebo na vile vizibo vidogo mkidhani ni takataka. Tafuteni flopi ndani ya madroo. Muulizeni aliyekuwa karani kama yu hai, na mumuulize nenosiri.

Kwa wanunuzi wa chuma chakavu nasema kwa heshima, biashara yenu ni halali na mji unaihitaji. Niiteni tu kabla ya kupakia. Nitalipa kilo.

Na kwa makumbusho yetu hapa forodhani, ambayo yanatunza siwa na milango ya zamani, naomba wapokee nakala ya daftari hili la vyombo. Iko tayari, imeshachapwa, ina kurasa 340. Nimeiweka ndani ya bahasha.

Anwani yangu iko kwako, Bwana Mhariri, mpe yeyote atakayeniulizia. Nipo barazani kila siku baada ya alasiri. Na kama kuna msomaji mwenye kizibo cha omu 50 cha kiwandani, hata kimoja, nakihitaji, kwa sababu kile cha rezista za redio ni cha kujishikiza tu.

Karani mstaafu,
Langoni, Lamu